Uwandani Kuna Mdaa

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, naikumbuka kwa viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vimejaa vumbi jeupe la mawe, na kimoja kilikuwa kikigonga jiwe, ko, ko, ko, kwa kuchoka kunisubiri. Uso wa mwenye viatu sikuuona siku ile. Niliuona baadaye, nitakwambia. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa nikimtazama mtu usoni, hasa mwanamme, hasa mgeni, hasa aliyeshika kalamu.

Nayaandika haya kwa sababu ya daftari lako. Juzi nimelifungua nitazame kazi ya skuli, nikakuta mwalimu wenu amewataka muandike habari za kwao mzazi mmoja. Umeandika kwa hati nzuri kunishinda mimi: "Kwao mama ni karibu na Jambiani. Kuna pwani, kuna mwani na kuna mahoteli. Nyuma ya nyumba kuna mawe. Hakuna kitu." Na mwalimu ametia alama ya vyema kwa wino mwekundu.

Vyema! Nilipandisha sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Wewe ukanuna, ukala wali wako umenipa mgongo. Hukujua umekosa nini, na kweli hukuwa na kosa. Nimekaa siku mbili nikijiuliza kwa nini niliwaka vile kwa mtoto wa darasa la tatu, na jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Maneno yale mawili ya mwisho si yako. Ni yangu. Niliyatilia sahihi kabla hujazaliwa.

Basi nikwambie ilivyokuwa. Mimi huandika polepole, na masomo yangu yaliishia skuli ya msingi. Ukikuta herufi zimelalia upande, nivumilie.

Nililelewa na bibi yangu, Bi Mize, mama yake mama yangu. Alikubeba ulipokuwa mchanga, lakini humkumbuki. Bi Mize alikuwa akisuka misala ya kusalia. Msala wake ulijulikana kwa mistari miwili myeusi pembezoni, na kila aliyewahi kuukalia alikuwa akisema weusi ule haupauki. Si weusi wa makaa. Ukiutazama juani unaona wekundu kwa ndani, kama chai iliyokaa sana jikoni. Weusi ule unatoka kwenye mdaa.

Mdaa si mti wa kujionyesha, mwanangu. Ni kichaka cha kimo cha mtu, majani yake magumu yenye kingo za mawimbi, vitunda vyake vidogo vikiiva vinakuwa vyeusi. Unaota juu ya mawe makali, mahali ambapo ukitafuta udongo utaupata umejaa kiganja kimoja tu, basi. Mizizi yake inapita kwenye nyufa za jiwe kutafuta maji, na kazi yote imo humo mizizini. Unachimba, unaponda kwenye kinu, unachemsha pamoja na ukindu, yale majani ya mkindu uliyokwisha kuyachana, unaacha upoe, unachemsha tena. Ukindu unaingia mweupe, unatoka vile nilivyokwambia.

Bibi alikuwa na sheria ya kuchimba, na hakuwa na mzaha nayo. Alikuwa akiiita mizizi mikono. "Kila mdaa mkate mkono mmoja," alikuwa akisema. "Mmoja tu. Ile mingine muachie ashikie jiwe." Kisha unarudisha udongo, unaweka jiwe juu, na unafunga kipande cha ukindu mweupe kwenye shina, ili mwenzio akipita ajue kwamba huyu kesha kutoa mwaka huu, asimguse. Mwaka wa pili kile kipande kinakuwa kimeshaoza kwa jua na mvua, na kichaka kimepata mkono mwengine. Wanawake wote wa kijiji waliifuata sheria ile. Hakuna aliyeiandika popote. Ilikuwa imefungwa kwenye miti.

Sasa neno lenyewe. Mjini ukisema uwanda, mtu anaona mahali peupe, tambarare, pa kuchezea mpira. Sisi kwetu uwanda ni kule nyuma ya kijiji, kwenye mawe na vichaka vilivyoshikana mpaka mbuzi anapotea. Ndiko kwenye mdaa, kwenye nyuki na kwenye pango. Ndiko alikokuwa akijificha paa nunga, yule paa mdogo wa vichakani, ambaye mimi nimemuona mara mbili na wewe labda hutamuona. Tukisema "nnakwenda uwandani", tuna maana tunakwenda kazini. Neno ni lile lile, wao wanaona patupu na sisi tunaona pamejaa. Hili ndilo lililoniponza.

Siku ile bibi alikuwa amekwenda mazikoni kijiji cha pili, akanituma mizizi peke yangu. Nilikuwa nimeshapata mkono wa nne, nimechuchumaa na mtaimbo, nikasikia watu wanakuja wanalalamikia mawe. Wanaume watatu. Mmoja amebeba fimbo ndefu ya mistari myekundu na myeupe, mmoja amebeba chombo cha miguu mitatu, na wa tatu ndiye mwenye viatu na kalamu. Nikasimama. Mizizi nikaiweka nyuma ya mgongo.

"Binti, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo." Nililiambia jiwe.

"Marahaba. Hapa panaitwaje?"

"Uwandani."

"Uwanjani?"

"Uwandani."

"Haya. Uwanda." Nikasikia kalamu.

Yule wa fimbo akacheka. "Uwanda gani huu, shekhe? Mtu ukianguka hapa unachunwa kama muhogo!"

"Wenyewe ndivyo wanavyopaita. Mimi nifanyeje?" Kisha akanigeukia. "Kuna mtu kapanda kitu hapa? Minazi? Miembe? Migomba?"

Nikatikisa kichwa.

"Nyumba? Kaburi? Banda la mbuzi?"

Nikatikisa tena.

"Kwa hiyo hakuna kitu."

Hapo ndipo, mwanangu. Hapo ndipo ninaporudi kila nikiwa nakosha vyombo, kila nikiwa nimekaa peke yangu, nikajijibu mwenyewe. Nilikuwa na mdaa mkononi! Mizizi minne, mibichi, inanuka udongo. Nilichotakiwa kufanya ni kutoa mkono mbele. Hata kusema sikuhitaji. Lakini viganja vyangu vilikuwa vyeusi kwa rangi, mpaka kwenye kucha, na msichana mmoja tuliyesoma naye aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba nna mikono ya mchoma makaa. Nikaona haya yule bwana asiione. Nikaificha mikono, na mizizi ikafichika pamoja nayo.

Akanipa karatasi juu ya kibao. "Andika jina lako hapa chini, kwamba mwenyeji alikuwepo."

Juu ya pale pa jina palikuwa na mistari mitatu ya maandishi yake. Nilitaka kuisoma. Naapa nilitaka. Lakini mimi kusoma kwangu ni kama kutembea juu ya yale mawe, natazama kwanza nnapokanyaga. Na kuandika kwangu ndiko kabisa. Nilikuwa nimefika herufi ya tatu ya jina langu pale kiatu kilipoanza, ko, ko, ko.

"Unaandika jina au unatarizi kofia?" akasema yule wa fimbo, na wote wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ningekuwa msichana mwengine ningecheka nao, na ningesoma. Mimi nikamalizia jina mbio mbio, masikio yanawaka, nikarudisha karatasi bila kusoma hata neno moja. Wakaenda zao.

Bibi alirudi kutoka mazikoni akaniuliza, "Kuna jipya?"

Nikamwambia hakuna kitu. Mara ya pili hiyo, siku moja.

Miezi ikapita. Sheha akaita watu kwenye baraza ya skuli baada ya sala ya alasiri, akasema kuna mradi unakuja, nyumba za wageni, na kwamba nyuma ya kijiji kumeshapimwa. Akasoma karatasi. "Mahali, uwanda. Hali ya mahali, patupu, hakuna kitu. Mwenyeji aliyethibitisha..." Akasita, akaisogeza karatasi machoni, kisha akalitaja jina langu, langu na la baba yangu na la babu yangu, kama msichana anavyotajwa siku ya kuozeshwa.

Shingo zote zikageuka. Mzee mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe bubu wetu anajua kusema!" Watu wakacheka kicheko kisicho na furaha. Bi Mize hakucheka, wala hakunitazama. Alinyanyuka, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Nilimfuata nikijua nitapigwa. Laiti angenipiga. Nilimkuta amekaa ukumbini na msala uliokuwa haujakwisha, amebakiza pindo tu. Ameuweka mapajani, na ameshika sindano ya kushonea mikeka. Alikuwa anauchomoa ule ukindu mweusi, mmoja mmoja. Anaingiza ncha, anavuta, anauweka pembeni. Anaingiza ncha, anavuta. Kazi ya wiki tatu. Mimi nimesimama mlangoni, siwezi kuingia, siwezi kutoka. Kila ulipotoka mweusi, mweupe uliokuwa umeshikana nao ukalegea. Alipofika katikati ya mstari akaunyanyua msala na kuutandaza mbele ya mwanga wa mlango. Uliachia. Vipande vikamwagika sakafuni, na alichobaki nacho mkononi kilikuwa matundu.

"Huo hapo," akasema. "Msala wako wa hakuna kitu. Sali juu yake."

Nikalia. Akaniacha nilie, akaenda kuteleka chai. Aliporudi alisema maneno machache tu, na ndiyo maneno niliyoishi nayo mpaka leo. "Weye si mjinga, na weye si muongo. Weye una haya. Haya ni kitu kizuri, mjukuu wangu, lakini haya yako imemsaidia mtu mwengine kusema uongo, na uongo wenyewe una jina lako chini yake. Umeandika weye, utafuta weye. Mimi nitakusindikiza tu. Sitatia neno."

"Bibi, mimi siwezi kusema na watu wale."

"Basi tutakwenda tukakae, watutazame."

Na kweli tulikwenda. Ofisi ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba moja ya zamani, ngazi zake zimelika katikati kwa miguu ya watu. Bibi alipanda akisimama kila baada ya ngazi tano, na kila akisimama nilimuomba turudi. Alikuwa akinijibu kwa kupanda ngazi nyengine.

Chumbani mlikuwa na meza, mafaili mpaka kwenye dirisha, na mtu. Sikumjua mpaka nilipotazama chini ya meza. Viatu vilikuwa vile vile, safari hii vimepigwa rangi.

"Karibuni. Bi mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nikusaidie nini?"

Bibi akaketi, akatazama dari. "Mwenye shida ni huyu."

Nilisikia mtu anauza maji barabarani, nikasikia feni. Nilimtazama bibi aniokoe. Alikuwa anahesabu boriti. Nikageuza macho nisimtazame yule bwana, na hapo nikauona, nyuma ya mlango, umekunjwa juu ya kiti. Msala. Mistari miwili myeusi pembezoni, na kwenye pembe ule mshono wa kurudi nyuma mara mbili ambao hakuna aliyekuwa akiushona isipokuwa Bi Mize.

"Ile karatasi ina makosa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya paka.

"Karatasi gani?"

"Ya uwanda."

Akatafuta, akaipata, akaisoma. "Makosa gani? Uwanda si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema."

"Basi?"

"Uwanda wa kwetu si uwanda wa kwenu."

Akatabasamu. "Lugha ni moja, binti. Kiswahili chenyewe ndo cha hapa hapa Unguja."

"Na sisi tuko Unguja."

Bibi akakohoa. Mpaka leo naamini alikuwa anaficha kicheko.

"Kuna ndege anaitwa shorewanda," nikasema. Sikujua hata kwa nini nimesema, yalikuwa yanatoka yenyewe. "Anakula matunda ya mdaa. Kama uwanda ni patupu, mbona hakai kwenye kiwanja cha mpira?"

"Mdaa ndo nini?"

"Huo msala wako umeupata wapi?"

Akageuka kuutazama. "Nimenunua sokoni Darajani. Kwani?"

"Kabla ya Darajani ulikuwa wapi?"

Nikaiweka mikono yangu juu ya meza yake, viganja juu. Ilikuwa bado myeusi, rangi ile haitoki kwa sabuni. "Weusi wa msala wako ni huu. Ni mizizi. Siku ile ulinikuta nimeishika."

"Mimi sikuona mizizi yoyote."

"Niliificha."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Na hapo ndipo nilipomtazama. Alikuwa mtu wa makamo, macho yake yamechoka, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Mtu tu, mwanangu. Miezi yote ile nilikuwa nikimuogopa mtu aliyefunga miwani kwa uzi.

Akavuta pumzi. "Sikiliza, binti. Fomu yangu ina nafasi ya miti iliyopandwa. Mdaa kaupanda nani?"

"Hakuna aliyeupanda."

"Basi niuandike wapi?"

Mpaka leo swali lile linanipandisha damu. Kitu kikipandwa na mtu kina nafasi kwenye karatasi. Kikioteshwa na Mungu juu ya jiwe, bila jembe wala ndoo ya maji, hakina pa kuandikwa! Nikamwambia, "Nipe karatasi. Ntaandika mimi." Akanipa, nadhani ili tuondoke tu.

Nikaanza. Neno, nasimama. Neno, nasimama. Adhana ya adhuhuri ikalia msikiti wa karibu, na chini ya meza kiatu kikaanza, ko, ko, ko.

"Fanya haraka, binti, nnakwenda kusali."

Nikanyanyua kichwa. "Nisubiri. Naandika polepole."

Kiatu kikanyamaza.

Niliandika hivi, naijua kwa moyo: "Mahali hapa panaitwa uwanda na hapana utupu. Pana mdaa unaotia misala rangi, na wanawake wa kijiji huuchimba mkono mmoja kwa mwaka. Mimi niliyesema hakuna kitu nilikosea." Nikaisoma yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kidole kikifuata. Kisha ndipo nikatia jina. Alipokwenda kusali aliuchukua ule msala kitini, nikamuona anaufungua mara mbili na kuutazama kabla ya kutoka.

Usidhani mambo yakaisha kama hadithi ya watoto. Tulirudi kijijini na wiki ile ile tingatinga likaanza upande wa barabarani, kwa sababu karatasi ya kwanza ilikuwa imeshatembea na ya kwangu ilikuwa bado inatafuta miguu. Siku nne lilifanya kazi. Vichaka vililazwa pamoja na mawe yake, na shorewanda walikuwa wanazunguka juu wakipiga kelele. Bibi akakusanya wanawake wenzake. Wakachana ukindu mweupe, wakafunga kila mdaa uliobaki, si uliochimbwa tu, kila mmoja, mpaka uwanda ukawa kama umevaa vilemba. Yule bwana akaja siku ya tano na mwenzake wa fimbo. Wakasimama. Wa fimbo hakutia mzaha safari hii. Bwana akazunguka kutwa nzima, akivihesabu vile vilemba vyetu vya ukindu, na jioni akamwambia msimamizi kwamba ukuta upinde, uanzie kwenye njia ya mbuzi, usivuke kuelekea pangoni.

Kikabaki kipande. Nusu haifiki. Ndicho kile unachokiona nyuma ya nyumba ya bibi, ulichokiandika wewe mawe. Upande wa pili wa ukuta wamepanda majani laini yaliyotoka sijui wapi, yananyweshewa maji asubuhi na jioni, na bado yanakauka. Na upande wetu mdaa haudai hata kikombe kimoja.

Nami ningekuwa na raha kama kile kipande kingetunzwa. Lakini kila nikirudi kwetu narudi hapa kwetu Mwanakwerekwe na kichwa kinaniuma. Maduka ya wageni yanataka mikoba yenye mistari myeusi, basi wanawake wachanga wanakwenda na sururu wanang'oa mdaa mzima, mikono yote, na shina wanafanya kuni. Nikiwauliza, wananiambia, "Da, ule si wa mtu." Wengine wameshahamia rangi ya pakti, na mikoba yao inapauka kabla mgeni hajafika kwao. Watu wa kijiji hicho hicho, waliofunga vilemba siku ile, wanakwenda kumwaga pampasi za watoto pangoni. Nilimwambia mmoja, "Hapa ndipo tulipopapigania." Akanijibu, wallahi, huku anatikisa ndoo yake: "Kwani hapa kuna nini?"

Tena na tena na tena! Ndiyo maana nilipoyakuta maneno yale kwenye daftari lako, kwa hati yako nzuri, niliwaka. Nilidhani nimeshayafuta. Kumbe neno baya likishaandikwa mara moja linajua njia ya kurudi nyumbani.

Basi sikiliza ninalokuusia, na ulisome tena ukiwa mkubwa.

Usiseme mahali hapana kitu kwa sababu hujakijua jina lake. Kwanza uliza, na uwaulize wanaokwenda pale na mtaimbo na mundu, usiwaulize wanaopita na gari. Ukichukua, chukua mkono mmoja, ufunge alama, umfikirie anayekuja nyuma yako. Ukipewa karatasi, isome mpaka mwisho, hata kama wote wanakucheka, hata kama kiatu kinagonga. Waache wasubiri. Aliyekuja kukutaka jina lako anaweza kusubiri dakika tano. Na ukiwa na haya, na ninajua unayo, umerithi kwangu, usione tabu. Iwe haya ya kutosema uongo. Isiwe haya ya kuuficha ukweli mgongoni.

Ijumaa skuli zikifungwa tutakwenda kwetu, mimi na wewe. Nitakuonyesha mdaa wa kwanza niliofundishwa na Bi Mize, bado upo, karibu na mdomo wa pango. Utachimba mkono mmoja mwenyewe, na utafunga ukindu mwenyewe. Mikono yako itakuwa myeusi wiki nzima na wenzako watakucheka. Wacha wacheke.

Daftari lako liko mezani, na raba nimeiweka juu yake. Sitakufutia mimi. Umeandika wewe, utafuta wewe, nami nitakaa pembeni nikusindikize.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na akupe macho ya kuona palipojaa pale wenzio wanapoona patupu. Akulindie uwanda wako usiishe kabla hujaujua. Na siku atakapokufikia mtu mwenye kalamu, akakuuliza hapa kuna nini, akujaalie akukute mikono yako iko mbele.